Meno Yetu Tunayaharibu Wenyewe



Katika shamba moja la miwa alikuwapo mkataji mwenzetu ambaye kwa wiki nzima alifika kazini amejifunga kitambaa shavuni. Malipo yake yalikuwa kwa ngwe, na asiyemaliza ngwe hapati ujira wa siku. Siku ya kwanza alimaliza. Siku ya pili alibakiza mistari miwili. Siku ya nne hakutoka kambini, na jioni ile jirani yake alimwonea huruma akamtia ndani ya tundu la jino pamba iliyochovywa katika asidi ya betri. Usiku ule maumivu yalitulia. Kulipokucha shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho limefumba, na ufizi umeungua. Alipofikishwa hospitali alilazwa siku tisa. Aliporudi alikuwa amepoteza magego mawili na ujira wa wiki tatu, na nusura apoteze maisha.

Tulimwuliza jino lile lilianza kumwuma lini. Akajibu, "Tangu masika ya mwaka juzi. Nilikuwa natafunia upande wa pili."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wengi wetu, iwe ni katika mashamba ya chai, miwa na mkonge, au katika viwanda vya nguo, saruji na mikate, tuna upande wa kutafunia na upande wa kuogopa. Tumezoea hivyo mpaka tunadhani kwamba meno kuoza ni jambo la umri, kama mvi. Sivyo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa, na sehemu kubwa ya maradhi hayo yanaweza kuzuiwa. Tuangalie basi ni mazoea gani yanayotuponza, moja baada ya jingine.

JINO LINAVYOOZA

Kila siku juu ya meno hujengeka utando laini, ambao ukiachwa hugeuka kuwa ukoga mgumu. Ndani ya utando huo wanaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi chakula chake ni sukari, na vinapokula hutoa tindikali. Tindikali hiyo ndiyo inayolainisha gamba gumu la nje la jino.

Kazi hiyo huanza dakika chache tu baada ya sukari kuingia kinywani, na huendelea kwa muda wa nusu saa au zaidi. Baadaye mate huja kusafisha na kurudisha madini yaliyotoka kwenye jino. Mate ni fundi mzuri, lakini anahitaji nafasi. Ukimpa nafasi, hurekebisha. Ukiongeza sukari kila baada ya nusu saa, fundi hapati hata dakika ya kushika nyundo, na siku moja gamba hutoboka.

Kwa hiyo swali si sukari kiasi gani tu, bali pia ni mara ngapi kwa siku. Jambo hili lilionekana wazi huko Uswidi, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, ambako majaribio yalifanywa katika miaka ya 1940 na 1950. Wagonjwa waliopewa pipi za kunata kati ya mlo na mlo ndio waliooza meno vibaya kupita waliopewa sukari pamoja na chakula. Tunapaswa kusema pia kwamba wagonjwa wale walikuwa watu wenye ulemavu wa akili, na hakuna aliyewaomba ridhaa. Elimu tunayoitumia leo ililipiwa kwa meno ya watu wasioweza kujitetea. Tusiidharau.

CHAI, MUWA NA SODA

Saa nne kengele inalia, birika kubwa la chai linaletwa. Mara nyingi sukari imekwisha kutiwa humo humo jikoni, kwa kipimo cha mpishi. Mfanyakazi anayebeba chupa yake ya chai kutoka nyumbani hufanya vibaya zaidi: hunywa funda moja saa mbili, funda jingine saa mbili na nusu, na kuendelea hivyo mpaka jioni. Kikombe ni kile kile, lakini meno yake yamelowa sukari kutwa nzima. Afadhali angekinywa chote mara moja pamoja na chakula, akaisha nacho.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mtu anaipata kutoka kwenye chakula chake. Kwa mtu mzima wa wastani hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko vidogo 12. Anayekunywa vikombe vitatu vyenye vijiko vinne kila kimoja amekwisha kufika huko kabla hajagusa soda. Na chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko saba au vinane, tena soda yenyewe ni kali kama ndimu, hivyo hulainisha meno hata bila msaada wa vijidudu.

Kuhusu muwa, wako wanaosema kwamba nyuzi zake husafisha meno. Nyuzi zinasugua, ni kweli. Lakini maji yake ni sukari, na mkataji anayetafuna pingili moja kila anapofika mwisho wa mstari anarudia kosa la yule mwenye chupa ya chai. Ukitaka muwa, ule baada ya chakula cha mchana, kisha sukutua kwa maji. Na kumenya muwa kwa meno ya mbele wakati panga liko mkononi ni kujitafutia jino lililovunjika.

MENO SI KOLEO

Katika kiwanda cha nguo tumeona mabinti wanaokata uzi kwa meno, nguo baada ya nguo, kutwa nzima. Baada ya miaka michache meno yao ya mbele huwa na pengo dogo kama la msumeno, mahali pale pale uzi unapopita. Mafundi viatu na maseremala hushika misumari kwa meno, nao hupata alama hiyo hiyo. Mafundi umeme humenya nyaya. Na sote, hebu tuseme ukweli, tumekwisha kumwona mwenzetu akifungua kizibo cha soda kwa gego huku watu wakimshangilia.

Jino ni gumu kuliko mfupa, lakini ni gumu kama kigae: halipindi, hupasuka. Ufa mdogo hauonekani siku ile. Huonekana mwaka unaofuata, ukiuma mfupa wa nyama, ndipo nusu ya gego inapobaki mkononi. Mkasi mdogo wa kukatia uzi na kifungua chupa ni vitu vya bei ndogo. Jino la mtu mzima likitoka halioti tena.

UFIZI UNAOTOA DAMU

Hapa pana kosa kubwa ambalo tumelikuta karibu kila tulipokwenda. Mtu akipiga mswaki akaona damu, huogopa na kuacha kupasugua mahali pale. Damu ile haisababishwi na usafi, bali na uchafu. Utando umekaa kwenye mpaka wa jino na ufizi, ufizi umevimba, na unapoguswa unavuja. Ukipasugua taratibu kila siku, damu hupungua baada ya wiki moja au mbili. Ukipaacha, ugonjwa hushuka chini mpaka kwenye mfupa unaolishika jino, na siku moja jino zima, lisilo na tundu hata moja, huanza kuchezacheza kama mti uliomomonyokewa na udongo. Damu isipokoma, nenda ukaonwe. Wenye kisukari wajihadhari zaidi, kwani ugonjwa huu huwashika kwa nguvu. Wajawazito pia fizi zao huvimba upesi, nao wasiache mswaki.

Kosa la pili ni kusugua kwa hasira. Wako wanaoona fahari kuchakaza mswaki kwa mwezi mmoja. Wako wanaotumia majivu, mchanga laini au mkaa uliosagwa, kwa kuwa meno hung'aa. Yanang'aa kwa sababu yanachubuliwa. Gamba likiisha, maji baridi huuma, na rangi ya manjano ya ndani hujitokeza. Kumbe uliyekuwa unatafuta weupe umeupoteza.

Kosa la tatu ni njiti ya kiberiti. Baada ya nyama tunachokoa, na tunachokoa pale pale mpaka ufizi unarudi nyuma na nafasi inapanuka. Kadiri inavyopanuka ndivyo nyama inavyoingia, na ndivyo tunavyochokoa. Kama nyama hukwama mahali pamoja kila siku, kuna tundu au ufizi umelegea, na dawa yake si njiti.

Na mswaki wa mti? Usiutupe kwa kuona haya mbele ya wale wa mjini. Mswaki ambao wazee wetu wameutumia tangu zamani, hasa ule wa mti unaoitwa mswaki wenyewe, ulikubaliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 kuwa chombo kizuri cha kusafishia meno mahali ulikozoeleka. Sharti ni kuutafuna ncha mpaka ulainike, kuukata upya kila unapochakaa, na kufika nyuma kwenye magego, ndani na nje, si kuung'ang'aniza kwenye meno ya mbele huku ukipiga soga. Ulichokosa ni floraidi. Basi anayeweza kupata dawa ya meno yenye floraidi aitumie, ukubwa wa punje ya mbaazi, asubuhi na kabla ya kulala. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki ikifanya kazi. Na aliyekula ndimu, ukwaju au embe bichi asubiri nusu saa ndipo apige mswaki, kwa maana meno bado ni laini.

UGORO, SIGARA NA MIRUNGI

Wenzetu wa zamu ya usiku hutafuta cha kuwaweka macho. Mmoja huweka ugoro chini ya mdomo, mwingine hutafuna mirungi, wanayoiita miraa huko Kenya, na kwa kuwa ni chungu huisindikiza kwa soda na pipi. Masaa sita ya mirungi na pipi ni masaa sita ya sukari, na mate yenyewe yamekauka. Fundi hana maji ya kuchanganyia saruji.

Ugoro na tumbaku ya kutafuna husukuma ufizi nyuma pale vinapokaa, na vinaweza kuleta saratani ya kinywa. Tambuu yenye popoo nayo ni vivyo hivyo. Sigara ina hila yake: huficha. Ufizi wa mvutaji hautoi damu kama wa mtu mwingine, kwa hiyo hudhani yu mzima, kumbe mfupa unaliwa chini kwa chini. Kidonda chochote kinywani, au doa jeupe au jekundu, lisilopona kwa wiki mbili, lipeleke hospitali hata kama haliumi. Hasa kama haliumi.

WATOTO WETU

Katika Uganda, Kenya, Tanzania na nchi jirani nyingine kuna desturi ambayo hatuna budi kuikemea waziwazi. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, huambiwa ana meno ya plastiki, au ya nailoni; Uganda huitwa ebiino. Mtu hukwangua ufizi wa mtoto kwa spoku ya baiskeli au kisu na kutoa kitu cheupe, akakionyesha kuwa ndicho adui. Kitu kile si mdudu wala plastiki. Ni jino la chonge la mtoto ambalo lilikuwa bado halijakomaa. Mtoto hubaki na kidonda, anaweza kuambukizwa pepopunda na maradhi mengine yaletwayo na chuma kichafu, na hata chonge lake la ukubwani huweza kuharibika. Wakati huo huo kuharisha kunaendelea, na kunakoua ni kuharisha. Mpeni maji ya chumvi na sukari ya dawa, mkimbizeni zahanati.

Tena mama anayerudi shambani jioni amechoka asimlaze mtoto na chupa ya chai au uji wa sukari mdomoni. Usiku mate hupungua, na sukari hukaa hapo mpaka asubuhi.

KAZI NAYO HULA MENO

Tumesema tunayaharibu wenyewe, lakini itakuwa si haki kumwachia mfanyakazi lawama yote. Katika viwanda vya mikate na pipi, vumbi la unga na sukari huingia kinywani kutwa nzima. Katika vyumba vya kuchajia betri, mvuke wa asidi hula meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu anapozungumza. Vumbi la mawe na saruji huyasaga meno taratibu.

Na historia ya vyama vya wafanyakazi haiwezi kusimuliwa bila taya. Mwaka 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, mashariki ya London, waligoma. Viberiti vya wakati ule vilitengenezwa kwa fosfori nyeupe, na sumu yake iliozesha mifupa ya taya za wafanyakazi, hasa waliokuwa na meno mabovu. Walikula chakula chao penye kazi, na sumu ikakaa juu ya mkate. Miongoni mwa mambo waliyoyapata kwa mgomo ule ni mahali pa kulia chakula mbali na fosfori. Mwaka 1906, huko Berne, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku fosfori nyeupe katika viberiti. Chumba cha kulia, ndugu, wengine walikigomea. Leo tunapokula ugali juu ya gunia la mbolea tukumbuke hilo.

TUDAI NINI

Zahanati nyingi za mashamba zina dawa moja ya jino: koleo. Mfanyakazi hung'olewa jino ambalo lingeweza kuzibwa. Wanaotuambia kwamba kuziba kunahitaji umeme na mashine za ghali hawajui historia ya kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 ilibuniwa hapa hapa Tanzania njia ya kusafisha tundu la jino kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashine wala umeme, na kuliziba kwa saruji maalumu ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza duniani. Mwaka 2021 saruji hiyo na dawa ya meno yenye floraidi viliingizwa katika orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Kilichozaliwa Tanzania na kinachofaa mahali pasipo umeme kinafaa kwenye zahanati ya shamba lolote katika nchi zetu.

Kwa hiyo tunashauri matawi yaingize mambo haya katika mazungumzo na waajiri:

1. Mganga wa meno afike shambani au kiwandani kwa siku zinazojulikana, aje kuziba na si kung'oa tu.

2. Mwenye maumivu ya jino apewe ruhusa ya kwenda kutibiwa bila kukatwa ujira. Jino linalosubiri mwisho wa mwezi ndilo linalolaza mtu siku tisa.

3. Chai itolewe bila sukari, na sukari iwekwe kando, kila mtu atie apendavyo. Hili halimgharimu mwajiri chochote.

4. Maji safi ya kunywa na kusukutua yawe karibu na kazi, pamoja na mahali pa kulia palipo mbali na vumbi na sumu.

5. Vyumba vya asidi viwe na vyombo vya kuvuta mvuke, na vumbi lizuiwe linakotoka.

Mambo haya si ya kuomba kama sadaka. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa mashamba makubwa, namba 110, tangu mwaka 1958, nao unazungumzia matibabu ya wafanyakazi na jamaa zao. Mkataba namba 161 wa mwaka 1985 unahusu huduma za afya kazini. Makatibu wa matawi waisome.

Jambo la mwisho ni la kuokoa roho. Ukiona uvimbe wa shavu au chini ya taya, pamoja na homa, au huwezi kufumbua kinywa, au kumeza mate kunakuwa taabu, usingoje asubuhi na usikubali asidi ya betri, mafuta ya taa, wala kidonge cha aspirini kubandikwa kwenye ufizi. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba koo usiku mmoja. Wenzako wa kambi wakubebe, hata kwa baiskeli, mpaka hospitali.

Yule mkataji mwenzetu yu kazini sasa. Tulipokutana naye mara ya mwisho alikuwa ameketi chini ya mwembe wakati wa mapumziko, chai yake haina sukari, na mbele yake vijana watatu wa ngwe ya pili wamekaa wakimsikiliza. Alikuwa amefungua kinywa, akiwaonyesha mapengo yake kwa kidole. Kila tawi lina mtu kama huyo. Mpeni nafasi aseme katika mkutano ujao.